Kuala Lumpur kwa Njia ya Makindu

Huu ni mwaka wa tatu tunaweka akiba kwa ajili ya safari moja: siku nane mjini Kuala Lumpur, familia nzima, watu saba. Mji huo tuliuchagua kwa sababu ambazo kila mama wa nyumba ya Kiislamu atazifahamu. Chakula cha halali huko hakisumbui kukitafuta, misikiti ni mingi, na Waislamu wa Malaysia, kama sisi watu wa pwani, wengi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi. Hata joto lake si geni kwa mtu wa Mombasa, ila mwamvuli ni wa lazima, kwani mvua za alasiri huko haziulizi msimu.

Lililobaki ni swali ambalo hakuna aliyetaka kulitamka. Je, bibi yao watoto aende au abaki? Magoti yake yamechoka. Kumwacha nyumbani siku nane ni jambo zito; kumchukua akaja kuumia ugenini ni zito zaidi. Mwenyewe alikuwa akisema, "Nendeni wanangu, mimi nitawaombea dua," kwa upole uliotunyima usingizi.

Ndipo tulipoamua kujipima. Tulikuwa na arusi Nairobi mwezi wa Agosti, nasi tukaona badala ya kuikimbilia njia yote kwa siku moja, tulale Makindu, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani. Tulitaka kujua mwili wa mzee unastahimili nini, na watoto wanastahimili nini.

Wengi wetu tumeipita Makindu usiku, tumelala vitini mwa basi. Mchana ni mji mwingine. Baada ya Mtito Andei na mashamba ya mkonge ya Kibwezi, ardhi inakuwa nyekundu, mibuyu imesimama mbalimbali, na kando ya barabara akina mama wa Kikamba wanauza vyondo na asali. Jina lenyewe, husemwa, limetokana na mikindu. Bibi, ambaye amesuka mikeka ya ukindu tangu utotoni, alilifurahia jina hilo kuliko mandhari yote.

Tulifikia katika hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa, na vibarua na mafundi waliovushwa bahari kutoka Bara Hindi kuijenga walihesabika kwa maelfu. Waislamu wa Punjab walikuwa miongoni mwao. Wenyeji wa hekalu husimulia kwamba hapo zamani wafanyakazi wa reli, Singasinga, Mhindu na Mwislamu, walikuwa wakikusanyika jioni chini ya mti mmoja kumtaja Mungu. Hivi leo msafiri yeyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila ya kuulizwa dini yake wala kudaiwa bei; atakaye kuchangia huchangia. Masharti ni machache: viatu huvuliwa, kichwa hufunikwa, sigara na ulevi haviingii. Wanawake wetu hawakuwa na la kuongeza. Na kwa kuwa chakula hakina nyama kabisa, swali la uchinjaji halikuzuka. Tulikula chapati, dengu na mboga, tukashushia chai ya maziwa. Sala zetu tulisali kando na ukumbi wao wa ibada, kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

Jambo la kwanza tulilojifunza lilitufedhehesha kidogo: waliochoka kabla ya wote hawakuwa wazee. Bibi alivimba miguu, tukasimama mara tatu njiani, akanyoosha, basi. Watoto ndio waliogombana kuanzia Voi.

Baada ya Isha tulikunjua ratiba ya Kuala Lumpur. Tulikuwa tumeandika mahali patano kwa siku. Bibi alisomewa yote, akauliza, "Mnakwenda kutembea, au kukimbizwa?" Tukaanza kufuta. Mapango ya Batu na ngazi zake 272 yakaondoka. Minara pacha ya Petronas ikabaki, kwa sababu hupandwa kwa lifti. Msikiti wa Taifa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, kwa kuwa ni jirani, vikawekwa siku moja, asubuhi hiki na alasiri kile. Hoteli tukakubaliana iwe karibu na Masjid Jamek, msikiti uliofunguliwa mwaka 1909 pale mito miwili inapokutana, wenye kituo cha treni ubavuni mwake. Siku mbili za kwanza tukaziacha tupu, maana saa za huko zimetutangulia kwa tano, na mwili hauhami upesi kama ndege.

Tulipodhani tumemaliza, bibi akauliza: "Na huko tutaelekea wapi?"

Kijana wetu akatazama simu. Magharibi, akasema, kwa kupinda kidogo kaskazini. Bibi akacheka peke yake. Kwa wazee wetu wa pwani kibla na kaskazini ni neno moja. Maisha yake yote ameelekea upande huo huo. Lakini sisi wengine tulikuwa tumelisikia lile "tutaelekea", tukatazamana, na hakuna aliyelitaja.

Tiketi hatujanunua. Kwanza bibi atamwona daktari juu ya miguu na kukaa muda mrefu ndani ya ndege, na kiti cha magurudumu kitaombwa mapema, kabla ya kufika uwanjani. Akiba haijatosha bado. Huenda siku nane zikawa sita. Yeye ameagiza ukindu, naye anasuka msala mwembamba wa kukunjika, utakaoingia ndani ya mkoba.