Mizani Thelathini na Mbili

Ubeti wa utenzi, kama wajuavyo wapenzi wa fani hii, una vipande vinne, na aghalabu kila kipande hubeba mizani nane. Jumla yake ni mizani 32. Vipande vitatu vya mwanzo hufungwa kwa kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari, ambacho ndicho kiushikacho utenzi mzima tangu dua ya ufunguzi hadi ubeti wa tamati.

Anwani ya kompyuta katika intaneti, kwa toleo lake la zamani, ina umbo hilo hilo. Ina vipande vinne vilivyotengwa kwa nukta, na kila kipande kina nafasi nane. Hapana aliyemwiga mwenziwe, imesadifu tu. Tofauti ni kwamba mshairi anapoifikia mizani ana lugha nzima ya kuchagua, ilhali kompyuta ina mawili tu: sifuri au moja. Kwa hiyo beti zote ziwezazo kutungwa kwa kanuni hiyo zinahesabika. Ni 4,294,967,296, wala haiongezeki hata moja. Na kila chombo kitakacho kuonekana chenyewe katika mtandao wa dunia sharti kiwe na ubeti wake, usiofanana na wa mwingine.

Kipimo hicho kilichaguliwa Marekani mwaka 1977. Wahandisi walikuwa wamebishana kwa muda mrefu: hawa wakitaka nafasi 32, hawa 128, na wengine wakitaka urefu usio na mpaka maalumu. Vint Cerf, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo, alikata shauri kwamba 32 zinatosha kwa jaribio. Amekwisha kueleza hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba hakudhani jaribio lile ndilo litakalobaki. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ulihamia kwenye kanuni hiyo, na jaribio halijafungwa hadi leo. Ni vigumu kumlaumu. Wakati ule kompyuta zilikuwa mashine za vyuo na za majeshi, na nani angewaza kwamba siku moja mvuvi wa ngalawa atakuwa nayo mfukoni?

Daftari la namba lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Jon Postel wa California, mwenye ndevu nyingi na makubadhi miguuni, aliyejitolea kazi hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyehitaji namba alimwomba, akapewa, jina lake likaandikwa. Bei haikuwapo. Postel alifariki Oktoba 1998 akiwa na umri wa miaka 55, na kwa muda mwingi wa uhai wake neno lake lilitosha kuwa sheria.

Ukarimu wa siku zile sasa unashangaza. Chuo cha MIT, kampuni ya Ford na kampuni ya General Electric kila mmoja alipewa fungu zima la anwani 16,777,216. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Zanzibar na watu wapatao milioni 1.9, fungu moja la namna hiyo lingemtosha kila Mzanzibari, mtoto na mkubwa, karibu mara tisa. Chuo cha Stanford kililirejesha fungu lake mwaka 2000, bila ya kudai senti. MIT ilingoja hadi 2017, ikauza mamilioni.

Tarehe 3 Februari 2011, mjini Miami, mafungu matano ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa sajili tano za kanda za dunia, moja moja. Fungu la Afrika lilikuwa lile lianzalo na 102. Asia iliishiwa Aprili ya mwaka huo huo, Amerika ya Kaskazini Septemba 2015, Ulaya Novemba 2019. Afrika, iliyochelewa kuanza, ndiyo iliyobaki na akiba pale wengine walipokwisha kukung'uta vyungu. Sajili yake, AFRINIC, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005, ina makao yake kisiwani Morisi.

Kilichoiponya dunia isikwame ni tafsiri. Hilo ndilo jina ambalo wahandisi wenyewe waliipa kazi hiyo: tafsiri ya anwani. Mfano wake ni nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi na mlango mmoja wa mbele. Mlangoni ameketi mtarjumani na daftari lake. Barua ikitoka chumba cha tatu, hufuta namba ya chumba na kuandika namba ya mlango. Jawabu likirudi, hutazama daftari akalipeleka chumbani. Kampuni za simu huweka maelfu ya wateja nyuma ya mlango mmoja kwa njia hii, na wengi wao hawajui kama wamepanga.

Kazi yake ni ya kusifiwa, lakini ina gharama. Mpangaji aweza kutoka, ila mgeni hawezi kumbishia hodi chumbani kwake. Kijana anayetaka kuhifadhi mashairi ya babu yake katika kompyuta ya nyumbani, ili walimwengu wayasome humo humo, hafikiki. Atalazimika kukodi mahali kwa mwenye anwani, mara nyingi ng'ambo. Na mpangaji mmoja akituma barua za utapeli, mlango hufungwa kwa wote. Mtarjumani wa vitabu hujificha nyuma ya maneno ya mwandishi. Huyu wa mlangoni humficha mwandishi mwenyewe.

Dawa ya kweli ilikwisha kuandikwa tangu Desemba 1995: anwani ya toleo la sita, yenye nafasi 128, yaani sawasawa na beti nne za utenzi zilizounganishwa. Hesabu yake haina mwisho wa kuhofiwa. Lakini toleo jipya na la zamani havisikilizani, na mwenye jipya peke yake akimwita mwenye la zamani sharti apatikane mtarjumani mwingine kati yao. Hivyo kila mmoja amemngoja mwenziwe ahame kwanza, na huku wakingoja, cha zamani kimepanda thamani. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni ya Nortel iliyofilisika kwa dola milioni 7.5, yaani dola 11 na senti 25 kila moja. Miaka kumi baadaye bei ilipita dola 50.

Hapo ndipo Morisi ilipotikisika. Sajili za kanda zimeshikilia siku zote kwamba namba si mali. Watu wa visiwani wataielewa kauli hii upesi kuliko wengi, maana inafanana na wakfu: mazao ya shamba huliwa, lakini shamba lenyewe haliuzwi wala halirithiwi. Ila wakfu hutegemea uaminifu wa mwenye daftari, na mwaka 2019 iligundulika kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamehamishwa isivyo halali ndani ya daftari lenyewe. Kisha ukaja mgogoro na kampuni moja iliyosajiliwa Shelisheli, ambayo kati ya 2013 na 2016 ilipewa anwani zaidi ya milioni sita. Mwaka 2021 AFRINIC ilitaka kuzirudisha, ikisema hazitumiki kwa haja zilizoombewa. Kampuni ilikana, ikasema mkataba haukuizuia, ikaenda mahakamani. Julai ya mwaka huo akaunti za AFRINIC zilizuiwa kwa muda. Baraza la wakurugenzi likapoteza akidi, na Septemba 2023 mahakama ikaamuru sajili iwekwe chini ya msimamizi.

Wakati daftari likigombaniwa, akiba ya Afrika ilikuwa ikitolewa kwa kibaba. Tangu Januari 2020 mwombaji hakuweza kupewa zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja, yaani kwa aliyepewa milioni sita, maombi kama elfu sita. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa. Wanachama wakapiga kura tena Septemba, baraza likapatikana, na siku lilipopatikana kesi zilikuwa bado zipo mahakamani.