Kushuka Masoko kwa Rimu za 17

Safari yangu ya kwanza kwenda Masoko, Rungwe, ilianzia Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye banda la fundi wa matairi. Mdogo wangu wa kike ameolewa Masoko. Mumewe alikuja kunipokea kwa gari lake, RAV4 ya zamani, ya aina ile inayobeba tairi la spea kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amelivalisha rimu za aloi za inchi 18 badala ya zile za 16 lililotoka nazo kiwandani. Rimu zenyewe zilipendeza. Gari lenye umri ule likivaa rimu za namna hiyo hurudi ujana, na mtu aliyelitunza miaka yote ana haki ya kulifurahia.

Kilichomsumbua shemeji ni matairi. Aliyemuuzia rimu alimfungia matairi ya 235/45R18, akamwambia rimu kubwa huvaa tairi jembamba, basi. Tangu siku ile gari lilikuwa limelala, na kila shimo dogo lilisikika mpaka kwenye usukani.

"Shemeji, siwezi kukushusha Masoko hivi," aliniambia. "Tulale Mbeya, kesho asubuhi tuanze na fundi."

Fundi alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Hakugusa jeki. Alikwenda kwanza nyuma ya gari, akalisoma tairi la spea, kwa kuwa ndilo pekee lililobaki kama kiwanda kilivyoliacha. Liliandikwa 215/70R16. Akachukua chaki, akachuchumaa, akaandika hesabu kwenye sakafu ya saruji, nami nikachuchumaa karibu naye kwa sababu nilitaka kuelewa.

Namba ya kwanza, 215, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 70, ni asilimia: ubavu wa tairi, yaani kimo cha mpira kutoka ukingo wa rimu hadi pale unapokanyaga ardhi, ni asilimia 70 ya upana ule. Asilimia 70 ya 215 ni milimita 150.5. Namba ya mwisho, 16, ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ni milimita 406.4. Tairi lina ubavu juu na ubavu chini. Ukijumlisha mbavu mbili na rimu unapata milimita 707.4, na hicho ndicho kimo cha tairi zima. Gari hili, alisema fundi, limepimiwa kimo hicho: gia zake, spidomita yake, nafasi ya madigadi yake.

Kisha akalipigia hesabu tairi lililokuwa limefungwa. Asilimia 45 ya 235 ni milimita 105.75. Mbavu mbili na rimu ya inchi 18 zinatoa milimita 668.7. Tairi limepungua kimo kwa milimita 38.7, na nusu yake, karibu sentimita mbili, ndiyo iliyokatwa kwenye nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Spidomita ikionyesha 50, gari linakwenda 47 tu.

"Basi nipe nene," alisema shemeji. "Nimeona 225/60R18 hapo nje."

Fundi akaandika tena. Hilo lingefika milimita 727.2, karibu asilimia 3 juu ya kimo cha kiwandani, na asilimia 3 ndiyo mpaka ambao mafundi wengi hawapendi kuuvuka, juu wala chini. Spidomita ingedanganya kwa upande wa hatari: sindano ingesema 50 huku gari likizidi 51. Kwenye vibao vya 50, trafiki mwenye tochi hapimi sindano ya dashibodi yako, anapima gari lenyewe. Tena tairi la kimo hicho lingeweza kusugua madigadi usukani ukikatwa mpaka mwisho, na kwenye mlima injini ingefanya kazi zaidi kwa kila mzunguko.

Kwa rimu zile za 18, jibu la karibu kabisa lilikuwa 225/55R18: milimita 704.7, pungufu ya kiwanda kwa milimita zisizofika tatu. Shemeji alifurahi, akatia mkono mfukoni. Fundi akamzuia kwa swali.

"Kaka, gari linaishi wapi? Mjini au shamba?"

"Masoko."

"Basi hesabu bado haijaisha. Kimo uliza gari, ubavu uliza barabara."

Ubavu wa 225/55R18 ni milimita 123.75, ule wa kiwandani ni 150.5. Kimo kimelindwa, lakini zaidi ya sentimita mbili na nusu za mpira zimegeuka kuwa aloi. Kazi ya mpira ule ni kukunjika tairi linapopiga jiwe, kisha kurudi. Ukipungua, pigo linafika kwenye rimu, na aloi haikunjiki ikarudi: inapinda au inapasuka. Kinachobaki kinapokelewa na shokapu, bushi na mgongo wa abiria. Kwa lami ya mjini ubavu ule unatosha. Kwa mawe ya Rungwe, alisema, yeye angeshuka hadi 17.

Walikubaliana kubadilishana: rimu za 18 zibaki bandani ziuzwe, shemeji achukue rimu za 17 na kuongeza fedha kidogo. Matairi yakawa 225/60R17, saizi ambayo haina shida kupatikana kwa kuwa ndiyo ya X-Trail na Forester nyingi zilizojaa nchini. Kimo chake ni milimita 701.8, ubavu milimita 135. Gari lilipungua chini ya milimita tatu tu kutoka ardhini, na spidomita ikabaki karibu na ukweli.

Yaliyofuata nayo ni ya kusimulia, maana saizi ni mwanzo tu. Fundi alihakikisha matundu ya nati ni matano na mduara wake ni milimita 114.3, kipimo cha gari lile. Tundu la katikati la rimu lilikuwa kubwa kuliko habu, akaweka pete ili rimu ikae katikati badala ya kuning'inia kwenye nati peke yake. Akatazama rimu inavyokaa ndani ya madigadi, isije ikatokeza nje wala kugusa shokapu. Akalinganisha vikalio vya nati: rimu nyingi za aloi za Toyota hukazwa kwa nati zenye washa bapa, ilhali nyingi za dukani zinataka nati zenye koni. Zile za zamani akazifunga kwenye mfuko, akamkabidhi shemeji. "Hizi zisiachane na tairi la spea," alisema. Kwenye mbavu za matairi akasoma namba ya uzito, 99, maana yake kila tairi linabeba kilo 775, sawa na lile la kiwandani. Akasoma pia tarakimu nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa mpira uliokaa muda mrefu stoo huwa mgumu hata kama kashata zake hazijaguswa. Balansi, alaimenti, upepo, tukaondoka.

Uyole tukaacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kushika ile ya Kasumulu, inayokwenda mpakani mwa Malawi. Barabara inapanda kwa muda mrefu. Malori ya mizigo yalikuwa yakivuta taratibu mbele yetu, na shemeji alikuwa akisikiliza gia huku akitikisa kichwa kwa kuridhika: gari lilikuwa likipanda kama alivyolizoea. Isongole tulikuta ukungu na baridi ya kuvaa sweta. Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ulikuwa upande wa kushoto, lakini mawingu yaliufunika kuanzia kiunoni. Kutoka hapo tuliteremka Kiwira, penye migomba mpaka ukingoni mwa lami na njia ya kwenda Daraja la Mungu, kisha Katumba na mashamba yake ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia.

Tukuyu tulinyeshewa. Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na mvua yake ni sehemu ya maisha. Mteremko huu wa kusini wa Rungwe, unaotazama Ziwa Nyasa, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Ndiyo inayolisha chai, kahawa na migomba, na ndiyo inayokata barabara. Maji yakipita juu ya udongo wa volkano huondoa laini na kuacha mawe, na mawe hayo yana kingo.

Kutoka Tukuyu hadi Masoko ni kilomita 15 hivi, na karibu zote ni za kuteremka. Mji uko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, ziwa la Masoko liko kwenye 840. Sweta tulizivua. Tulipoacha lami nilianza kuuelewa ubavu wa tairi kwa mwili wangu. Kila jiwe nililiona likija, nikajikaza, na pigo likafika kiti changu likiwa limelainika. Penye matope ya mteremko shemeji alikwenda gia ya chini bila kugusa breki, na kashata zikashika.

Mbele kidogo jiwe lenye ncha lilitoboa tairi la nyuma. Tulisimama chini ya migomba, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukapiga jeki. Hapo ndipo nilipoona faida ya asubuhi nzima ya chaki. Spea ya kiwandani ilikuwa na milimita 707.4, matairi yaliyobaki 701.8. Tofauti ni chini ya asilimia moja. Gari hili husukuma kwa magurudumu yote manne, na tairi moja likizidi mengine kwa kimo difu hulazimika kusawazisha mizunguko isiyolingana muda wote wa safari. Tungekuwa na matairi yale ya jana, tofauti ingekaribia asilimia 6, na kilomita zilizobaki zingekuwa za kuumiza chuma. Mfuko wa nati ulitoka chini ya kiti. Shemeji alizikaza kwa kupishanisha, moja na inayoitazama, mpaka rimu ikakaa, akashusha jeki na kukaza tena. Tukaendelea.

Masoko penyewe panafunguka ghafla. Ziwa, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba, ni duara lililozamishwa ndani ya kuta za miti, shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkano na kujaa maji. Hakuna mto unaoonekana ukiingia. Wanasayansi wametoboa tope la chini yake na kusoma humo historia ya mvua ya takriban miaka 45,000. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliweka hapa kikosi cha askari, na Mei 1916 jeshi la Waingereza kutoka Nyasaland likaiteka Neu Langenburg. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitupa fedha zao ziwani kabla ya kukimbia. Nilipokuwa nikitazama kuta zile niliwafikiria wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliobeba mizigo ya vita ile kichwani kwenye milima hii hii. Kila gurudumu linalofika Masoko leo limeondoa mzigo kwenye shingo ya mtu. Ndiyo sababu naona kuchagua tairi ni jambo la kuheshimiwa.

Mdogo wangu alitupokea kwa ndizi za mbalaga na maziwa ya mgando, na mama mkwe wake akanishika mikono yote miwili, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kwa kuwa nimekuja.

Jioni alikuja jirani yao anayeendesha Noah ya abiria kati ya Masoko na Tukuyu. Alizizunguka rimu za shemeji, akasema naye ana mpango wa kufunga za 16. Shemeji alichukua kipande cha mkaa, wakainama uani. Noah yake ilitoka na 195/65R15, kimo milimita 634.5. Kwa rimu ya 16 saizi ya kulingana ni 205/55R16, yenye milimita 631.9. Kwa gari, saizi inakubali. Kisha shemeji akauliza alivyoulizwa na fundi: inabeba nini, inapita wapi? Inabeba watu, maziwa na mikungu ya ndizi, kila siku, kwenye barabara ile ile tuliyoshukia. Ubavu ungepungua kutoka milimita 126.75 hadi 112.75, na fedha ya rimu ingetosha kununua matairi mapya manne ya saizi ya kiwandani, yenye namba ya uzito 91, kilo 615 kila moja.

Jirani alifikiri, akasema atabaki na 15 na kubadilisha matairi, maana mawili ya nyuma yalikuwa yameanza kuwa vipara. Niliona uamuzi wake ni sahihi kama ule wa shemeji, ingawa mmoja alipanda rimu na mwingine aliacha. Shemeji hubeba familia, na alitaka gari linalopendeza litakalofika salama. Inchi moja ya nyongeza ilimtosha. Jirani hubeba watoto wa watu wengine. Kwa hiyo anayetaka rimu kubwa azitafute bila aibu, lakini kabla ya kutoa fedha asome namba ya tairi la kiwandani, apige hesabu ya kimo, kisha aitaje kwa jina barabara mbaya kuliko zote anazopita. Saizi inayoimudu barabara hiyo ndiyo saizi yake.