Zaburi Zilizochongwa Kinyume

Jumanne, 6 Februari 2024. Worcester, Massachusetts

Binti yangu amenishusha mlangoni pa maktaba ya American Antiquarian Society kabla ya kwenda kazini, kama anayempeleka mtoto chekechea. Koti kabatini, mkoba kabatini. Kalamu ya wino nayo wameichukua, kwa adabu, wakanipa penseli. Nimekaa chini ya lile kuba lao kama mtahiniwa.

Mhudumu aliniuliza ninafanya utafiti gani. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa kwaya mstaafu, nataka kuona vitabu vya nyimbo za kanisa walivyochapa hapa wakiwa bado chini ya Mwingereza. Hakucheka. Akaniletea karatasi za kujaza.

Leo nimesoma tu historia ya mwanzo. Kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni haya ni kitabu cha Zaburi, Cambridge, mwaka 1640. Maneno matupu, hakuna noti hata moja. Noti zilingoja hadi toleo la 9, Boston 1698, nyimbo 13 tu, zikachongwa kwenye vibao vya mti. Kwa miaka hamsini na ushee shemasi alisimama, akasoma mstari, waumini wakauimba. Akasoma mwingine, wakauimba. Kila mtu na mapambo yake, kila mtu na mwendo wake.

Nimesahau miwani ya kusomea kule maktabani. Wamenipigia simu.

Jumatano, 7 Februari

Kijitabu cha John Tufts, mchungaji wa Newbury, kingeingia mfuko wa shati. Kilianza kuuzwa Boston mwaka 1721. Nilipokifungua nilicheka kwa sauti, na mzee wa meza ya pili akainua kichwa.

Ni solfa! Juu ya mistari mitano, mahali pa vichwa vya noti, pamekaa herufi: F, S, L, M. Mimi niliyelelewa kwa d:r:m, niliyedhani toniki solfa ni mali ya Waingereza wa karne ya 19, namkuta babu yake hapa zaidi ya miaka mia kabla. Ya Tufts ina silabi nne tu: fa, sol na la zinarudiwa, mi inatokea mara moja katika ngazi. Na nukta zake si za mapigo kama zetu, zinarefusha. Herufi yenye nukta mbili ni ndefu kuliko zote, yenye nukta moja ni ya kati, isiyo na nukta ni fupi. Nilijaribu kuimba kimoyomoyo. Kidole kilikuwa kinapiga meza bila mimi kujua, hadi mhudumu alipopita akakitazama.

Mchana nikaletewa Thomas Walter. Huyu naye ni wa 1721, lakini kitabu chake kina noti kamili, sauti tatu, na mistari ya wima inayogawa mapigo, kitu ambacho hakikuwahi kuchapwa makoloni haya kabla yake. Noti zake zilichongwa kwenye bamba la shaba. Walter hakuwa na subira na uimbaji wa zamani. Analalamika kwamba wimbo uleule ukiusikia makanisa mawili utadhani ni nyimbo mbili, na kwamba mwendo ulikuwa wa kujikokota kiasi kwamba yeye mwenyewe amewahi kuvuta pumzi mara mbili katikati ya noti moja. Ningempa kazi mtu huyu bila usaili.

Sasa kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka huohuo Boston ilikuwa na ndui. Cotton Mather, mjomba wake Walter, alihubiri habari ya kuchanja, na aliijua kutoka kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, aliyemweleza kwamba kwao ndivyo walivyofanya, na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuchanjwa. Mji ukagawanyika. James Franklin, yuleyule aliyechapa kitabu cha Walter, akaanzisha gazeti mwezi Agosti likawa linawasimanga wachanjaji. Mdogo wake, Benjamin, wa miaka 15, alikuwa mwanagenzi humo dukani. Walter akamjibu Franklin kwa maandishi makali. Kisha akachanjwa, na Novemba, akiwa amelala kwa mjomba wake akingoja kupona, usiku mtu akatupa kombora lenye utambi dirishani mwa chumba chake. Halikulipuka.

Nimekaa nikiangalia noti zile nyembamba, zilizotulia kama sisimizi waliopanga mstari. Mwandishi na mchapaji wake wameshikana mashati magazetini, na kitabu cha kumwimbia Mungu kimetoka katikati yao. Walter alifariki 1725, hajafika hata 30.

Ijumaa, 9 Februari

Leo nimeuliza kuhusu ukingo. Kila ukurasa wa noti una kibonyeo hafifu kinachouzunguka, kama alama ya sahani juu ya kitambaa cha meza. Mhudumu akanionyesha kwa mwanga wa pembeni: huo ndio mpaka wa bamba. Karatasi mbichi hulazwa juu ya shaba, hupitishwa chini ya roli kwa nguvu nyingi, na shaba huacha nyayo zake.

Naandika utaratibu wake nisije nikausahau. Mistari mitano huchorwa kwa chombo chenye meno matano, kwa mkupuo mmoja. Vichwa vya noti hukatwa kwa kalamu ya chuma au hugongwa kwa chuma chenye umbo la noti. Kila kitu ni kinyume, kulia kuwa kushoto, maneno pia. Bamba hupashwa moto, wino husuguliwa hadi uingie mikwaruzoni, kisha juu hupanguswa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja cha mkono. Wino unaobaki ndani ya mikwaruzo ndio wimbo. Ukikosea, unakwangua, unageuza bamba, unaligonga kwa nyuma ili shaba iinuke, unalainisha, unachonga tena.

Na kwa nini shaba, si herufi za risasi kama za vitabu vingine? Kwa sababu herufi za noti zilitoka Ulaya na zilikuwa ghali, na mchapaji wa Boston au Philadelphia hakuwa nazo. Lakini kila mji ulikuwa na sonara. Sonara tayari anachonga majina kwenye vijiko na birika. Ana chombo, ana mkono, shaba anaijua. Tena bamba likishachongwa halina haraka. Chapa vitabu mia leo, mia mwakani, kadiri fedha ya kununulia karatasi inavyopatikana. Ndiyo maana vitabu hivi vina sura mbili: kurasa za mafunzo zimechapwa kwa risasi kwenye mtambo mmoja, kurasa za nyimbo kwa shaba kwenye mtambo mwingine, kisha zikashonwa pamoja kama ndoa ya watu wazima.

Nimekumbuka stensili. Miaka ya 80, pale shuleni nilipofundisha, nyimbo zote za kwaya nilizikata mwenyewe kwenye karatasi ya nta, kwa kalamu ya chuma, usiku, chemli pembeni. Ukikandamiza sana karatasi inachanika na mistari mitano inakuwa shimo. Pasaka moja nilikosea noti moja ya sauti ya tatu, nikaiweka hatua moja juu. Sikuiona. Kwaya ikaimba hivyohivyo. Miaka saba baadaye nilipojaribu kuisahihisha, sauti ya tatu waligoma: walisema wimbo wenyewe ndivyo ulivyo.

Jumapili, 11 Februari

Ibada ya Kiswahili: Wakongo wengi, Warundi, sisi Watanzania wachache. Mwalimu wa kwaya ni kijana wa Bukavu. Hana karatasi. Anaimba mstari, sauti ya nne wanarudia. Anaimba tena, sauti ya pili wanarudia. Anafundisha kwa simu na kidole.

Baada ya ibada nikamuuliza noti ziko wapi. Akasema, "Papa, karatasi zote zilibaki kwa mama mmoja, na yeye alihamia Ohio."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Thomas Walter. Nimeimeza. Sauti ya nne ya wale Wakongo ilikuwa inatikisa benchi nililokalia.

Jumanne, 13 Februari

*Urania* ya James Lyon, Philadelphia 1761. Kurasa karibu 200, kitabu kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia, na mwanzoni orodha ya watu 142 waliotia majina yao kabla kazi haijaisha. Kumbe mchango wa harusi ni wa zamani.

Mchongaji wake ni Henry Dawkins. Mkono mzuri, herufi zake zina mikia ya madaha. Nikatafuta habari zake, nikakuta mwaka 1776 alikamatwa New York kwa kuchonga noti bandia. Noti za fedha, si za muziki. Mkono uleule! Nimecheka peke yangu kwenye basi. Karani aliyekuwa akinizungushia mashine ya kudurufu nyimbo za Pasaka naye alifukuzwa kazi kwa kuuza mitihani ya majaribio. Mashine ile, wino ule.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

William Billings, hatimaye. *The New-England Psalm-Singer*, Boston 1770. Mtengeneza ngozi wa miaka 24, jicho moja, mguu mmoja mfupi, mkono umesinyaa, mtu wa ugoro wa kupindukia. Nyimbo zaidi ya 120, zote zake. Kabla yake, tungo zilizochapwa za waliozaliwa huku zilikuwa kama dazeni moja. Nampenda kabla sijamsikia.

Picha ya ukurasa wa mbele ilichongwa na Paul Revere, sonara. Wanaume wamekaa kuzunguka meza wakiimba, na mistari ya muziki imewazunguka kwa duara, kanoni ya sauti sita isiyo na mwanzo wala mwisho kwa macho. Hebu fikiria kuchonga duara la noti, tena kinyume! Nililigeuza jicho badala ya kitabu, maana kukizungusha kitabu hapa ni dhambi. Shingo inauma mpaka sasa.

Karatasi nayo ina kisa. Kodi za 1767 ziligusa hata karatasi kutoka Uingereza. Billings akatangaza kwamba ameahirisha kitabu kwa miezi 18 ili kichapwe kwa karatasi ya nyumbani. Josiah Flagg alikuwa amemtangulia mwaka 1764, kwa mkusanyiko ambao Revere ndiye aliyeuchonga: dibaji yake inasema karatasi ni ya kwao, na inatumaini wapenda nchi hawatakidharau kitabu kwa hilo. Karatasi yenyewe ni ya rangi ya chai ya rangi, na nzito kidogo. Niliigusa zaidi ya nilivyoruhusiwa.

Na Revere huyohuyo, mwaka huohuo wa 1770, ndiye aliyechonga ile picha ya askari wa Mwingereza wakiwamiminia watu risasi Boston, akaichukua kwa Henry Pelham bila ruhusa, na Pelham akamwandikia barua ya hasira. Mwaka 1775 akachukua bamba lake la zamani lenye picha ya chuo cha Harvard, akalikata, na nyuma yake akachonga fedha ya karatasi ya Massachusetts. Maana yake kwa mchongaji hapakuwa na kabati la vitu vitakatifu na kabati la vitu vya dunia. Kulikuwa na shaba, na bei ya shaba.

Jioni nimepakwa majivu. Melodi katika nyimbo za Billings iko sauti ya tatu, si ya kwanza. Sauti ya tatu wa ile Pasaka yangu wangefurahi kusikia.

Alhamisi, 15 Februari

Mwisho wa shaba ulianzia mji huuhuu. Mwaka 1786 Isaiah Thomas alichapa hapa Worcester mkusanyiko wa nyimbo kwa herufi za risasi za noti, kwa bei nafuu zaidi. Yeye ndiye aliyeanzisha maktaba hii mwaka 1812. Kwa hiyo aliyewafukuza wachongaji ndiye anayewahifadhi.

Nimeuliza kama kuna mtu wetu kati ya walimu wale wa uimbaji. Nikapewa jina: Newport Gardner. Kwao aliitwa Occramar Marycoo. Aliletwa Newport, Rhode Island, akiwa kijana wa miaka kama 14, mtumwa. Inasemekana alijifunza muziki kwa Andrew Law, kisha Gardner mwenyewe akawa mwalimu wa shule ya uimbaji. Alijikomboa 1791. Mwaka 1826, mzee wa karibu miaka 80, akapanda meli kurudi Afrika, Liberia, na huko akafa mwaka uleule.

Sikuagiza kitabu kingine baada ya hapo.

Jumamosi, 17 Februari. Boston

Treni saa moja na nusu. Kaburi la Revere lina watalii na nguzo. Billings alikufa maskini mwaka 1800, akazikwa bila jiwe, kwenye uwanja wa Boston Common. Nilitembea juu ya nyasi zile zilizokufa kwa baridi, nikiomba radhi kila hatua kumi. Mjukuu akauliza, "Babu, unaongea na nani?"

Jumapili, 18 Februari

Baada ya chakula mimi na mjukuu tumekata chano cha alumini kilicholetwa kikiwa na kuku. Msumari kwangu, msumari kwake. Nimechonga mistari mitano, nikaweka noti nne za kwanza za ule wimbo wa Pasaka, kwa makini, mashina upande usio wake kama inavyotakiwa. Yeye amechonga jina lake. Tumepaka rangi ya maji, tukapangusa kwa kiganja, tukaweka karatasi yenye unyevu, tukakandamiza kwa chupa ya maji ya moto.

Jina lake limetoka kinyume, akalia kidogo. Zangu zimetoka sawasawa, isipokuwa ile ya tatu, ambayo nimeiweka hatua moja juu.