Sikio la Bibi Kizee

Aliyekulia Usukumani anamjua Masala Kulangwa. Amesikia jinsi zimwi Shing'weng'we lilivyowameza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipopata akili akauliza watu wengine wako wapi, akaambiwa, akaanza kuwinda. Kila alichoua alimpelekea mama yake: panzi, ndege, swala. Ndiye Shing'weng'we huyu? Mama akajibu siye. Mwisho akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima.

Hapo ndipo penye fumbo. Katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi yule akakasirika, akataka kumroga aliyemwokoa. Kwa nini kizee? Kwa nini sikio? Hadithi haisemi.

Sisi vijana wa Bariadi tulibishana sana juu ya hayo tukiwa machungani. Hata asili ya zimwi haielezwi, basi kila mtu alikuwa na yake. Mmoja alisema Shing'weng'we ni njaa. Mwingine alisikia kwa wazee kwamba ni ukoloni, na Masala Kulangwa ni TANU. Wa kanisani walisema zimwi ni mauti, na kijana ni Kristo.

Baadaye nilikuta kwamba hatukuwa peke yetu. Katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870 yumo nunda mla watu, na kijana anayemletea mama yake mnyama baada ya mnyama, akiambiwa kila mara kuwa siye. Lakini huko asili inajulikana: nunda alikuwa paka wa sultani, aliyeachiwa kula mifugo mpaka akafika kwa watu. Basotho nao wana zimwi Kammapa na shujaa Litaolane. Kwao waliookolewa ndio waliomwua mwokozi wao. Kwetu chuki hiyo yote imewekwa katika sikio moja.

Kuhusu sikio hilo, mimi nilikuwa na jibu langu, nami nililipenda: kizee yule alikuwa mchawi tangu mwanzo, na kisu kilimtambua.

Ndugu msomaji, yakupasa ujue jibu hilo lilitolewa wapi. Bariadi wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Katika nchi yetu vikongwe walikuwa wakiuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na alama waliyotafutiwa ni macho mekundu. Penye uhaba wa kuni watu hupikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka hamsini macho yake yatakuwa na rangi gani?

Jioni moja nililitoa jibu langu jikoni kwa bibi yangu, binamu zangu wakicheka. Bibi alikuwa akipuliza moto. Akainua uso, machozi ya moshi yakimtiririka, macho yake mekundu kama kawaida. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, ungekatwa wewe sikio, usingelia?"

Hakusema zaidi. Akarudi kwenye moto wake. Mimi nilicheka kidogo ili nisionekane nimeshindwa, wala sikumwomba radhi. Alifariki kwa maradhi ya uzee nikiwa mbali kikazi, na neno hilo nilibaki nalo mwenyewe.

Siku hizi nakumbuka jinsi alivyokuwa akiimaliza hadithi. Masala Kulangwa hakubishana na yule kizee, wala hakumwuliza shukrani yake iko wapi. Alikwenda kutafuta dawa, akamtibu sikio. Ndipo watu wakamfanya mtemi. Sehemu hiyo hatukuibishania hata siku moja, kwa kuwa haikuwa na fumbo.

Hadithi ikinyamaza, sisi huingiza humo yaliyomo mioyoni mwetu. Ukitaja njaa au ukoloni hudhuru mtu. Lakini mimi nilimtaja kizee mchawi, nikiwa nimeketi hatua mbili kutoka kwa kizee aliyenilea, katika miaka ambayo neno hilo lingetosha kumwita mwenye panga mlangoni kwake.

Bibi wa hadithini alilia kwa sababu aliumia. Jibu lilikuwa pale pale kwenye mafiga, nami nililipita.