Kusubiri Kompyuta Mpya: Habalul Habala ya Zama Zetu



Leo tumeona tuzungumze jambo ambalo wengine watasema si la madrasa, nalo ni kununua kompyuta. Swali moja tumeulizwa mara nyingi sana baada ya darsa ya Magharibi: "Mwalimu, ninunue sasa au ningoje ile inayokuja?"

Asiyeishi huku kwetu Kisugu huenda akashangaa kwa nini swali hili liletwe kwa walimu wa dini. Mtaa wetu uko jirani na Kansanga kwenye chuo kikuu, na Kibuli si mbali. Vyumba vya kupanga vimejaa vijana kutoka Tanzania, Kenya na Kongo waliokuja kusoma. Wakishasali hukaa barazani, na mazungumzo yao mara nyingi ni ya chipu. Fulani amesikia kuwa kampuni hii itatoa prosesa mpya mwezi wa tisa. Mwenzake anasema imeahirishwa. Wa tatu anaapa (na kuapa kwenyewe tumeshawakanya) kuwa hiyo mpya itafanya za sasa zote ziwe takataka. Hakuna hata mmoja wao aliyeishika mkononi.

Mughira bin Shu'ba (r.a) amepokea hadithi ambayo ndani yake maneno ya "imesemwa, na fulani kasema" yametajwa pamoja na kupoteza mali, katika mambo ambayo Allah anayachukia kwetu. Zamani tulipoisoma hadithi hii tulikuwa tukiyaeleza mambo hayo mbalimbali, kila moja na mlango wake. Katika habari hii ya kompyuta tunaona yanavyoshikana mikono.

Lakini tuliyokusudia hasa leo ni habari ya muda. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua hadithi ya Ibn Umar (r.a) kuhusu habalul habala. Watu wa Jahiliyya walikuwa wakiuziana nyama ya ngamia, na muda wa kumalizana wakauweka mpaka ngamia jike fulani azae, kisha huyo atakayezaliwa naye akue abebe mimba. Mtume (S.A.W) akakataza. Wanavyuoni wameeleza sababu: muda ule haujulikani. Huenda ngamia akazaa dume, huenda mimba ikaharibika, huenda mama akafa. Wako pia walioifasiri kuwa ni kukiuza hicho kilicho ndani ya tumbo la kilicho tumboni. Kwa tafsiri zote mbili, mtu ameifunga mali yake kwenye kizazi ambacho hakijaonekana.

Sasa tazameni lugha ya wauza kompyuta. Wao wenyewe husema "kizazi". Ukienda kwenye maduka ya Bombo Road utaulizwa, unataka core i5 ya kizazi cha ngapi? Cha sita, cha nane, cha kumi? Na anayengoja, anangoja kizazi kijacho, akisikia kimekaribia anaambiwa kinachofuata baada yake ndicho hasa. Gordon Moore, mmoja wa walioanzisha Intel, alikisia mwaka 1965 kuwa idadi ya vijenzi katika chipu itakuwa ikizidi mara mbili kila mwaka, na mwaka 1975 akasahihisha ikawa kila miaka 2. Kwa hesabu hiyo, ngamia huyu siku zote ana mimba. Hakuna siku utakayoingia dukani ukakuta hakuna kitu kinachongojwa.

Tena wenyewe wanaotengeneza hawaijui siku yake. Mwaka 2003 Steve Jobs wa Apple aliahidi mbele ya watu kuwa katika miezi 12 kompyuta yake ya G5 itafika gigahezi 3. Mwaka ukapita, ikafika 2.5. Waliokuwa wakingoja laptopu yenye G5 hawakuipata kabisa, maana Juni 2005 alitangaza kuwa anaiacha prosesa hiyo na kuhamia Intel. Nao Intel mwaka 2004 walikuwa wameahidi Pentium 4 ya gigahezi 4, wakaisogeza hadi mwanzo wa 2005, kisha mwezi Oktoba 2004 wakaifuta. Mkuu wao, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani huko Marekani, kwa mzaha, kuomba radhi. Miaka ya karibu zaidi chipu zao za nanometa 10 zilichelewa miaka kadhaa, zikaja kuenea kwenye laptopu mwaka 2019. Windows Vista nayo ilitazamiwa kabla ya sikukuu za mwisho wa 2006, ikawafikia wanunuzi wa kawaida tarehe 30 Januari 2007, na wengi waliopata shida kuiendesha walitamani isingekuja. Ikiwa mwenye kiwanda hajui, kijana wa barazani Kisugu amejulia wapi?

Na msidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Jirani zetu Kenya waliahidiwa katika kampeni za 2013 kuwa watoto wa darasa la kwanza watapewa laptopu, zianze Januari 2014. Zabuni ikaingia katika mvutano, ikabatilishwa, ikarudiwa. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, vikiwa sasa ni tabuleti, mtoto aliyeingia darasa la kwanza ile Januari 2014 alikuwa yuko darasa la tatu. Mtoto hawezi kuambiwa asikue mpaka zabuni imalizike.

Hapa tutaje habari moja ya mtaani kwetu, bila ya majina. Mwaka 2019 binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu tangu akisoma Juzuu Amma alipata nafasi chuoni. Baba yake ni fundi cherehani katika arkedi za mjini. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi milioni 1 na laki 2 kwa ajili ya laptopu ya binti yake. Mjomba aliyeko Maskati akapiga simu: msinunue sasa, kuna prosesa mpya zinatoka, na inasemekana Apple nao wataiacha Intel, kwa hiyo bei za hizi zitaanguka, ngojeni mwakani. Mjomba hakukusudia baya. Na kwa hakika uvumi wake haukuwa wa uongo wote: Apple walitangaza hivyo Juni 2020, na mashine zenyewe zikatoka Novemba mwaka huo.

Lakini Machi 2020 ikafika kabla ya Juni. Shule na vyuo vikafungwa. Usafiri ukasimamishwa, arkedi zikafungwa mpaka mwishoni mwa Julai, na fundi cherehani asiyeingia arkedi hana pa kushonea. Dunia nzima ikawa inatafuta laptopu kwa wakati mmoja, na chipu zikawa haba. Binti akawa anasoma kwa simu ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka. Kila siku aliyotaka kuingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao alilazimika kulipa kwanza ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200, iliyokuwapo hapa Uganda tangu Julai 2018 hadi ilipoondolewa 2021. Kazi ya kurasa 15 aliiandika kwa kidole gumba. Zile milioni 1 na laki 2 zikageuka posho na maharage.

Tulipowatembelea baada ya misikiti kufunguliwa, mama wa binti alituambia neno ambalo limekaa nasi: "Alhamdulillah hatukuinunua. Tungekula nini?" Hatukumbishia. Rizki ni ya Allah, naye huiweka pale anapotaka. Hata hivyo tunasema kuwa kilichowaokoa si uvumi wa chipu. Aliyewaokoa ni Mola wao, kwa mali ambayo ilikuwa bado iko mkononi. Na binti naye alipoteza kitu ambacho hakikurudi, kwa sababu masomo mawili ya mwaka ule ilimbidi ayarudie, na ada yake ikalipwa mara mbili. Tunayaeleza yote mawili kwa kuwa yote mawili yalitokea.

Kuna wanaouliza: je, Uislamu umekataza kulipia kitu kabla hakijapatikana? Hapana. Mtume (S.A.W) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na hata miaka miwili kabla. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a), hakuwazuia, bali aliwaelekeza kuwa anayelipa kabla basi iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Hii ndiyo biashara ya salam. Mkulima anapata mtaji, mnunuzi anapata bei nafuu, na kila mmoja anajua siku yake. Maimamu wetu wa madhehebu ya Shafi wamekuwa wakali katika muda, hata kusema "mpaka mavuno" hawakukuridhia kwa sababu mavuno hutangulia na kuchelewa. Wamaliki wamelegeza hapo. Mahanafi nao wana mlango wa istisnaa, yaani kumwagiza fundi akutengenezee kitu kwa sifa mnazokubaliana. Milango ipo, na ni mipana.

Kisichokuwepo ni mlango wa yule mfanyabiashara wa mjini, hatumtaji, aliyekuwa akichukua amana za wanafunzi kwa ajili ya laptopu za kizazi kipya "zilizo njiani kutoka Dubai". Ukimuuliza ni za aina gani, anasema utaziona. Memori kiasi gani? Nzuri. Lini? Karibuni. Hakim bin Hizam (r.a) aliwahi kumuuliza Mtume (S.A.W) kuhusu mtu anayemjia akitaka kitu asichokuwa nacho, naye amuuzie kwanza kisha aende sokoni kukitafuta. Akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Vijana watatu wa darsa yetu walitoa shilingi laki 3 kila mmoja. Wawili walirudishiwa baada ya miezi mitano ya kwenda na kurudi. Wa tatu alirudi kwao Kigoma bila ya fedha na bila ya laptopu.

Mzazi mmoja alitubishia kwa hoja nzuri. Akasema: Mwalimu, mimi sijamlipa mtu yeyote, nimekaa na fedha yangu mfukoni nikingoja, habalul habala imeingiaje? Amesema kweli, hukumu ya biashara haimhusu, na kungoja peke yake si haramu. Asije mtu akasema walimu wa Kisugu wameharamisha kungoja. Sisi tunaitazama hekima iliyo nyuma ya hukumu. Sharia haikupenda haja ya mtu aliye hai ifungwe kwenye siku isiyojulikana. Ukingoja mshahara wa mwisho wa mwezi, siku yake unaijua. Ukingoja bidhaa iliyotangazwa kwa sifa na tarehe, na mtoto hana haja nayo kwa sasa, hapo pana hesabu. Lakini mtoto akiwa na kazi ya kuandika wiki hii, nawe unangoja kitu kilichosikika barazani, basi umemtoza yeye deni ambalo hakukopa.

Kamati ya madrasa ililijadili jambo hili hili mwaka jana, 2025. Wazazi walikuwa wamechanga fedha za kompyuta kwa ajili ya wanafunzi kujifunza kuandika Kiarabu na kusikiliza kisomo cha tajwidi. Windows 10 ilikuwa inaachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na baadhi ya wajumbe wakataka tungoje mashine mpya zenye chipu za akili bandia zishuke bei. Tukauliza: zitashuka lini? Hakuna aliyejibu. Fedha ya mchango ni amana, na waliochanga walitaja kompyuta, hawakutaja kizazi. Tukanunua mezani 4 zilizotumika, za kizazi cha nane cha Intel, kwa kuwa kuanzia hapo ndipo Windows 11 inapozikubali rasmi prosesa za Intel, na Windows 11 tukaiweka. Mwishoni mwa mwaka huo huo bei ya memori ikapanda sana duniani, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji wao kwenye mitambo ya akili bandia. Hatukulijua hilo wakati tunanunua, wala hatudai kuwa tulilijua.

Kwa wanaokwenda mjini kununua iliyotumika: iwasheni hapo hapo dukani, iacheni nusu saa. Ichomoeni umeme mwone betri inakaa muda gani. Angalieni kizazi cha prosesa kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye stika iliyobandikwa nje, maana stika huuzwa mbali. Ulizeni kama memori inaweza kuongezwa. Chukueni risiti yenye jina la duka na namba ya mashine. Asiyejua kuangalia na aje tumpe kijana wa kumsindikiza, bila ya malipo.

Kompyuta za madrasa ziko wazi Jumamosi na Jumapili baada ya Adhuhuri hadi Alasiri, wanawake na wasichana Jumapili. Wanafunzi wa vyuo wenye kazi za kuandika wanakaribishwa pia, ila waje na flashi zilizosafishwa virusi, na umeme ukikatika wawe na subira.

Wallahu Aalam. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.