Kigongo na Busisi: njia ya mgonjwa wa rufaa

Mgonjwa anapopewa rufaa kutoka Geita kwenda Bugando, Mwanza, familia hugawanyika: mmoja hufuatana naye, wengine hubaki na watoto. Zamani tulisubiri kivuko Busisi, ziwa likiwa kati yetu na daktari. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limeondoa ngojangoja hiyo. Wenzetu wa Shinyanga hupita nchi kavu, lakini nao aghalabu hufika mjini bila mwenyeji. Daraja halimpikii uji anayeuguza, wala halimlipii malazi. Hapo ndipo anapohitaji jirani na msikiti. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na umbali hauifuti. Asiyeweza kwenda, naamfuate kwa nauli, kwa simu na kwa dua.