Mtori wa mama na mashine ya kupumulia

Wadau, nimepotea kidogo, samahanini. Wiki tatu sasa niko chumba cha wagonjwa mahututi kwa mafunzo ya vitendo ya fiziotherapia, nikirudi hosteli ni kulala tu. Ila hii lazima niwasimulie.

Kuna kaka mmoja (jina nalihifadhi), mpagazi wa mlimani. Mtu aliyezoea kupandisha kilo 20 mpaka Horombo. Nimonia ikamlaza, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya nane namkunja goti, nikashtuka: paja limekuwa kama mkono wangu!

Mama yake alikuwa anashuka kila siku kutoka Marangu na chupa ya mtori. "Mwanangu, mbona hamumpi chakula? Nguvu atazitoa wapi?" Nikamweleza kwamba analishwa kwa mpira wa puani, akipewa mdomoni kitaingia mapafuni. Akaitikia, lakini chupa hakuacha kuleta.

Na mama alikuwa na hoja. Mashine ikikupumulia, kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu, kinalala. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta baada ya saa 18 hadi 69 tu za kulala hivyo, nyuzi zake zimesinyaa kwa zaidi ya nusu. Tena mwili mgonjwa unajila misuli yake. Kwa hiyo protini lazima, ila chakula kwa kipimo: wanga ukizidi, kabonidayoksaidi inaongezeka, na mapafu hayo hayo dhaifu ndiyo ya kuitoa.

Basi tukamkalisha ukingoni mwa kitanda, watu wanne, kazi yangu kushika mipira isichomoke. Dakika tano. Kesho yake saba. Hatukukimbilia, maana utafiti wa nchi sita wa mwaka 2022 ulionyesha kuzidisha mazoezi mapema kuliongeza madhara bila faida ya ziada. Polepole, kama wasemavyo wapagazi wenyewe.

Jaribio la kwanza la kupumua mwenyewe likashindikana. Dakika kumi, jasho, pumzi 40 kwa dakika, tukamrudisha kwenye mashine. Na mimi kiherehere nilishamwambia mama, "Leo anatoka." Nililia chooni, sioni aibu kusema.

Siku nne baadaye alimaliza dakika 30, mpira wa kooni ukatolewa. Alipopimwa kumeza na kuruhusiwa, kijiko cha kwanza kilikuwa mtori mwepesi. Nikamwamkia mama, wala hakunisikia. Alikuwa anatazama koo la mwanawe.

Haya, Jumatatu nina mtihani wa misuli. Tuombeane!